Nyumba Iliyoandikwa Choo

6 Februari 1988

Dada yangu,

Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na cherehani yako pia, maana mara ya mwisho uliandika kwamba inaruka nyuzi. Mimi sijambo. Mafua yalinishika wiki mbili, yameniachia. Ofisini wametuhamishia ghorofa ya tatu, na meza yangu sasa iko karibu na dirisha, ingawa dirisha lenyewe halifunguki. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie asikae kwenye ubaridi.

Lililonifanya nishike kalamu ni la kazi. Idara yetu imeagizwa kupanga viwanja vya michezo na mapumziko kwa miji midogo yote, na katika kugawana, mji wetu umeangukia mezani kwangu. Sikuuomba. Kanuni inataka kila mkazi awe na mita za mraba nne za kuchezea au kupumzikia. Kwa hesabu zangu, mkazi wa huko kwa sasa ana nusu mita, yaani anaweza kupumzika akiwa amesimama.

Kwenye ramani ya zamani lipo Eneo la Wazi Namba Saba, nyuma ya shule ya msingi. Ni pale tulipokuwa tunacheza mpira, na wewe ukiwa golikipa kwa sababu hukuogopa mpira wala watu. Nimeambatanisha fomu. Naomba ufike pale, uangalie, uijaze. Kipengele muhimu ni cha sita, majengo. Kwa sheria mpya, jengo lolote litakalokutwa ndani ya eneo la wazi linawekwa alama ya X nyekundu, na linabomolewa kabla ya mwaka kwisha. Sitarajii kwamba lipo, lakini lazima nijue.

Msalimie sana Mama. Nikipata likizo nitakuja.

Mdogo wako,
Rula

19 Machi 1988

Mdogo wangu Rula,

Salamu zako zimefika, na mafua yako pia, maana bahasha ilikuwa na doa. Sisi tupo. Goti la Mama lina siku zake. Siku likikubali anatembea mpaka sokoni, siku likikataa anakaa mlangoni na kuwafokea mbuzi wa watu. Cherehani imepona. Nilikuwa nafunga sindano kinyumenyume wiki nzima, na mteja ndiye aliyenionyesha. Nimemshonea bure ili anyamaze.

Nimeijaza fomu yako. Nimeichelewesha kwa sababu ni msimu wa sare za shule. Nikwambie jambo moja la sare, maana wewe unapenda vipimo. Zamani kaptula zilikuwa zinarudi kwangu zimechakaa makalioni, kwa kukaa. Siku hizi zinarudi zimechanika magoti, tena mchano wa lami, sio wa mchanga. Wanachezea barabarani. Ile barabara pana. Malori yanawapigia honi, nao wanasogea kidogo, kisha wanarudi.

Kuhusu Namba Saba. Uwanja upo. Una rundo la mchanga la mtu asiyejulikana, una gari bovu lisilo na magurudumu, na magoli hayapo, yaliliwa na mchwa. Kipengele cha sita, majengo: lipo moja. Dogo. La watu wanaotulia, hawasumbui mtu. Kipengele cha saba, "Je, eneo linatumika?" Nimejibu: linatumika.

Hiyo likizo unayosema ni ya mwaka gani? Mama anauliza, sio mimi. Sasa ni miaka sita.

Dada yako

30 Aprili 1988

Dada yangu,

Nimefurahi kusikia mnaendelea vizuri. Huku mvua zimeanza na dari linavuja juu ya kabati la ramani, kwa hiyo ramani tumezihamishia chini ya meza na sisi tunakaa miguu pembeni. Vinginevyo ni shwari.

Nakushukuru kwa fomu. Hata hivyo kipengele cha sita hakikukamilika. "Watu wanaotulia" sio aina ya jengo. Nahitaji jina la mwenye nyumba, idadi ya vyumba, na kama ni ya tofali au ya mabati. Kwa kuwa ulikiri kwamba jengo lipo, imenibidi niliwekee X kwa muda, ili kazi isisimame. Nakala imeshatumwa kwa mwenyekiti wa mtaa, yule tuliyekuwa tunamwita Mhuri.

Nakuomba uniwahie kwa mwenye nyumba. Mwambie kwa upole aanze mapema kutafuta pa kwenda, asingoje tingatinga. Wewe una mdomo wa kuongea na watu. Ila usimwonee huruma kupita kiasi. Katika kazi hii nimejifunza kwamba kila mvamizi wa kiwanja ana hadithi yake, na hadithi zote zinafanana. Watoto wanachezea barabarani, umesema mwenyewe. Mmoja akigongwa, hadithi ya mwenye nyumba haitamsaidia.

Likizo bado inashughulikiwa.

Mdogo wako,
Rula

11 Mei 1988

Rula,

Mimi mzima, Mama mzima, salamu zimekwisha.

Nimemwendea mwenye nyumba kama ulivyoagiza. Nimemwambia kwa upole. Nilimkuta anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama unakula vizuri huko, maana ukiwa na kazi nyingi huwa unasahau kula.

Ulitaka jina la mwenye nyumba. Ni Mama. Vyumba viwili na kibaraza. Kuta za tofali za udongo, mabati ni yale ya nyumba ya Baba, tuliyafungua wenyewe kabla ile barabara haijapita. Hukumbuki kwamba nilikuandikia tumehamia "nyuma kidogo"? Hukuuliza nyuma ya nini. Miaka minne barua zetu zinapitia sanduku la posta la shule, na hukuuliza kwa nini.

Tulipewa siku thelathini za kuhama. Mhuri ndiye aliyetuonea huruma, akaandika nusu karatasi kwamba tukae pale mpaka viwanja vigawiwe, akaipiga mihuri mitatu. Viwanja havijagawiwa mpaka leo. Karatasi ninayo, mihuri imefifia. Ya barabara yenyewe tuyaache, ingawa yana mwenyewe.

Nilikuficha kwenye fomu, na nilikosea. Nilikuwa naona aibu kuandika kwa mkono wangu kwamba sisi ndio wavamizi. Sasa nimeandika. Usidhani pia kwamba sioni. Najua tumekalia uwanja wa watoto, na hao watoto nawapima viuno kila Januari. Lakini mama yako ana miaka sabini na mbili na goti moja. Umeweka X juu ya kitanda chake. Mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu. Na hicho kilemba cha ukoka, kwamba nina mdomo wa kuongea na watu, kivue kwanza, nitakuja kukivaa siku nyingine.

Ifute hiyo X. Sijui unaifutaje, hiyo ni kazi yako. Tingatinga likija, mimi nitasimama golini kama zamani.

Dada yako

4 Julai 1988

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliipokea Mei. Niliisoma, nikaiweka kwenye droo, nikaisoma tena, nikaiweka. Kazi zilikuwa nyingi. Huku joto limepungua, na dari wameliziba.

Nimelipatia ufumbuzi suala letu, na naomba uusome ukiwa umetulia.

X haifutiki hivi hivi. Wino wa ramani unakwanguliwa kwa wembe, na pakishakwanguliwa panabaki weupe, na mkuu wa idara ana macho. Lazima juu ya weupe pachorwe kitu. Nimepitia kanuni zote, kurasa mia moja na nne. Ndani ya eneo la wazi jengo haliruhusiwi, isipokuwa moja tu: choo cha umma. Kwa hiyo nimekwangua X, na mahali pake nimechora mraba wenye herufi C.

Ndani ya mraba ipo nyumba yenu, vipimo vyake ni vile vile. Kwenye karatasi inaitwa choo, lakini karatasi haimzuii mtu kulala. Cha msingi ni kwamba hakuna tingatinga linalobomoa C. Mkuu wa idara amepitisha. Tena amenisifu, akasema wapangaji wengi wa miji husahau vyoo.

Msibadilishe chochote. Mtu akiuliza, kubalini. Usimwambie Mama, atachukia bure.

Mdogo wako,
Rula

22 Agosti 1988

Rula,

Kama u mzima, Mungu ni mkubwa. Mimi nimekonda.

Ile ramani yako Mhuri ameibandika ukutani ofisini kwake, na chini yake ameandika kwa mkono, "Wananchi mnatangaziwa choo kipya nyuma ya shule." Wa kwanza kuja alikuwa dereva wa lori. Alibisha hodi, Mama akamkaribisha, akakaa, akasalimia vizuri, akauliza hali ya goti, kisha akaomba aonyeshwe. Mama akampeleka kwenye cha kwetu cha uani, maana mgeni ni mgeni. Kesho yake wakaja wanne. Sasa kwa siku hawapungui ishirini, na siku ya soko wanapanga foleni mpaka kwenye lile gari bovu. Mama ameweka ndoo na sabuni, anasimama pale pale na fimbo yake. Asiyenawa anarudishwa. Mwalimu mkuu amerudishwa mara mbili.

Halafu akaja afisa afya, kalamu sikioni. Akakagua sebule yetu. Nilisimama nyuma yake nikasoma alichokuwa anaandika: "Choo kina pazia, kabati la vyombo, saa ya ukutani na mzee mmoja wa kike. Hakina mashimo." Nilimkaribisha chai. Akasema kwa taratibu za kazi yake haruhusiwi kunywa chai chooni.

Amepima. Anasema sebule inatosha mashimo manne, mawili ya wanawake na mawili ya wanaume, na chumba cha Mama kitafaa kuwekea mafagio. Mafundi wanaletwa Desemba. Fungu limeshatengwa, na amekusifu wewe, mchoraji, kwa kuchagua mahali penye hewa. Mama amesikia yote. Nimemdanganya kwamba ni makosa ya ofisi. Ameniangalia tu.

Sasa nikwambie lililonikondesha, kwa sababu sio mashimo. Nilikwenda kwa Mhuri kuiangalia hiyo C yako kwa macho yangu. Pembeni yake bado imebandikwa ramani ya barabara, ile ya miaka minne iliyopita. Kwenye kona ya chini imeandikwa "Imechorwa na", halafu sahihi. Ni sahihi yenye mkia mrefu unaorudi nyuma, kama ulivyokuwa unaweka kwenye madaftari yako mpaka mwalimu akakuchapa.

Usidhani nimeiona leo. Nimeijua tangu siku ilipobandikwa. Nimekaa nayo moyoni miaka minne. Mama sijamwambia, na wewe sikukuuliza, kwa sababu nilijipa matumaini kwamba mchoraji anachora mistari tu, majina ya watu hayaoni. Nimechoka kujipa matumaini.

Nakuuliza swali moja. Usinijibu kwa mita za mraba. Ulijua ni nyumba yetu?

Dada yako

30 Septemba 1988

Dada,

Hamjambo.

Umeuliza swali moja. Jibu ni kwamba nilijua.

Kwenye ramani nyumba zina namba. Ya Baba ilikuwa mia moja na kumi na nne. Upande wa pili wa barabara palikuwa na ukuta wa ghala, mrefu, hauna watu. Kama ningeusogeza mstari milimita tatu kwenda upande wa ghala, mngebaki. Milimita tatu kwenye karatasi ile ni mita saba na nusu chini. Ghala lingepoteza ukuta na mti mmoja.

Nilikuwa na miezi minane kazini. Mwenzangu wa meza ya jirani alikuwa amefukuzwa kwa kuikunja barabara ili ilizunguke shamba la shemeji yake. Ofisi nzima ilikuwa inamcheka. Nilikaa na rula yangu nikajiambia kwamba mimi sitakuwa kama yeye, mimi nitakuwa mtu asiyependelea. Nikavuta mstari ulionyooka. Hakuna aliyejua kwamba mia moja na kumi na nne ni kwa baba yangu. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna hata aliyenisifu.

Nilidhani baada ya siku chache nitajisikia vizuri. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuwaambia. Kisha ikaja barua yako kwamba mmehamia nyuma kidogo, hukulaumu, hukulia, na mimi nikashindwa kuuliza nyuma ya nini. Ningeuliza ungenijibu. Kila mwaka naomba likizo, nakaa nayo chumbani. Ni chumba kimoja, ghorofa ya nne, pale nilipowaambia nina bustani. Sina bustani.

Kuhusu choo, nimejaribu kusimamisha mafundi. Ili wasimame lazima nieleze kwamba sio choo, na nikieleza kwamba sio choo, X inarudi. Sioni njia ya tatu. Nimezitafuta zote.

Mwambie Mama au usimwambie, kama utakavyoona. Mimi sina tena haki ya kuchagua.

Mdogo wako

16 Oktoba 1988

Mdogo wangu,

Tumeamka salama. Mama amekula. Nimeanza na hilo ili usiwe na wasiwasi utakaposoma yanayofuata.

Nilikaa na barua yako siku tatu, nikapiga moyo konde, nikamsomea. Yote, sikuruka kitu. Aliomba nirudie pale pa milimita tatu. Akataka kujua milimita ni kitu gani. Nikatoa utepe wangu wa kushonea, nikamwonyesha vile vistari vidogo, kimoja, viwili, vitatu. Akaviangalia, akaweka ukucha wake juu yavyo. Ukucha ukavifunika.

Akasema, "Kwa hiyo alituona."

Nikamwambia ndiyo, alituona.

Akasema, "Mimi nilijua ni yeye. Mhuri aliniambia siku ile ile ramani ilipobandikwa, anadhani wazee hawana kumbukumbu. Nikasema moyoni, mtoto amesahau namba ya nyumba. Ana kazi nyingi, amesahau. Kusahau nilimsamehe zamani. Hili la kuona ni jipya."

Kumbe miaka minne mimi namficha yeye, na yeye ananificha mimi, tunakula sahani moja. Nilicheka, Rula, mpaka nikalia. Yeye hakufanya hata kimoja. Alinyanyuka akaenda kumrudisha mtu ambaye hakunawa.

Jioni akaniita niandike. Haya ni maneno yake, mimi ni mkono tu:

"Nyumba iondoke. Watoto wapate uwanja wao, nimechoka kusikia honi. Lakini sitaki tingatinga, sitaki mgambo, na mafundi wa mashimo wasinisogelee. Aje mwenyewe. Apande juu, afungue bati moja moja, misumari ainyooshe. Mstari aliuvuta akiwa amekaa kwenye kiti, huku hakuna kiti."

Nikamuuliza, na sisi tutalala wapi? Akasema, "Hilo nalo atalijibu yeye. Si ndiyo kazi aliyosomea, kupanga watu wakae wapi."

Mimi nilitaka kuongeza maneno yangu ya hasira hapa chini. Niliyaandika kwanza kwenye karatasi ya kukatia vitambaa, yakajaa pande zote mbili. Nimeichana. Nimekukasirikia sana, na nimekukumbuka sana, na vyote viwili vimekaa kifuani kwangu pamoja kama wapangaji wasiosalimiana. Njoo.

Dada yako

3 Novemba 1988

Dada yangu,

Natumaini mnaendelea vizuri, na goti la Mama linakubali.

Nimekwenda kwa mkuu wa idara. Nilimweleza habari ya C, na ya X, na ya mia moja na kumi na nne. Nilizieleza nikiwa nimesimama, maana kiti kilikuwa na ramani. Aliuliza kama kurasa zote mia moja na nne nilizisoma kweli. Nikasema ndiyo. Akasema yeye mwenyewe hajawahi.

Mashimo yamefutwa. Namba Saba inabaki wazi yote, kama ilivyokuwa kwenye ramani ya kwanza, na fungu la choo litajengea magoli na kuta mbili za kukalia. Mimi nimevuliwa kazi ya kuchora. Niliomba nihamishiwe huko, ofisi ya mji, kusimamia viwanja: kufagia, kukata majani, kuzuia watu kumwaga mchanga. Ni ngazi tatu chini ya niliyokuwa nayo. Mkuu aliniuliza kama nina hakika, na nikagundua kwamba, ukitoa likizo, hilo ndilo jambo la kwanza nililowahi kumwomba.

Pa kulala. Nimemwandikia Mhuri, amenijibu kwa mihuri miwili. Kuna nyumba ya vyumba vitatu karibu na kisima, ya mwalimu aliyestaafu, haina ngazi, mlango wake ni mpana. Nimeipanga kwa mshahara wangu mpya. Chumba cha mbele ni cha cherehani kwa sababu kina mwanga. Cha kati cha Mama. Mimi nitachukua kile cha nyuma. Sikukichora. Nitakiona nikifika, na ninyi mkikikataa tutatafuta kingine tukiwa pamoja.

Likizo nimepewa wiki mbili kabla ya kuanza kazi. Karani aliniuliza sababu ya likizo, ajaze. Nikamwambia nakwenda kubomoa nyumba ya mama yangu. Akasema hiyo mbona ni kazi ya mgambo. Nikamwambia hapana, ni yangu. Alijaza "shughuli za kifamilia".

Kuna jambo moja naomba umsomee Mama, kwa maneno haya haya. Ningeweza kumwambia nilisahau. Alikuwa ameshanisamehe kwa hilo, na nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini sikusahau. Nilipokuwa navuta ule mstari nilijua kitanda chake kiko upande gani wa chumba, na nilijua saa hizo yeye amelala usingizi wa mchana. Nilimwona, na nikavuta. Naona aibu, Dada. Naogopa kuja kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Nafika Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, basi la asubuhi. Msije kunipokea, nyundo ninayo na njia naijua, barabara nimeichora mimi. Akinipa mkono, nitashukuru. Asiponipa, nitaanza na paa.

Mdogo wako,
Rula